Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Lakrosi, Kigoma

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Ahsanteni kwa kufika, hasa mliotoka Ujiji na Mwandiga na mvua hii. Habari za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitazungumzia magongo, maana ndiyo yaliyotushughulisha mwaka mzima.

Kwa wanachama wapya: lakrosi ni mchezo wa timu mbili kurushiana mpira kwa magongo na kufunga magoli. Gongo letu lina mpini, kichwa cha plastiki, na wavu uliofungwa kichwani ukaachiwa mfuko wa kubebea mpira. Mpira ni raba tupu, gramu 142 hadi 149. Ukikupata ugokoni hutauliza tena kwa nini tunavaa vikinga. Kuugusa kwa mkono ni ruhusa ya kipa peke yake, tena akiwa ndani ya duara la goli. Waliobaki wanauzoa chini, wanaudaka na kuurusha kwa gongo. Mshambuliaji hushika gongo fupi, la mita moja na kidogo. La beki wa timu ya wanaume laweza kufika mita 1.8.

Mipini yetu ni mizima. Kilichotuangusha ni nyavu: zililegea, nyingine zikakatika katikati ya mazoezi. Kuagiza nje ni gharama, kwa hiyo kamati iliwaendea washona nyavu za samaki wa Kibirizi. Ufundi wao sikuutilia shaka, ila wavu wa samaki kazi yake kunasa, na wetu lazima uachie. Mfuko ukizidi kina, mpira unachelewa kutoka na kuangukia miguuni mwako. Ukikazwa mno, unadunda na kukutoroka. Mzee mmoja alifunga kamba ya nailoni, akatia mpira, akainua gongo usawa wa macho, akatikisa kichwa, akafumua mafundo yote na kuanza upya. Alikuwa sahihi. Kwa wanaume, ukitazama ubavuni, sehemu ya juu ya mpira isizame chini ya ukingo wa chini wa kichwa. Kwa wanawake sharti mpira uchomoze juu ya ukingo wa juu. Akina dada, msiazime magongo ya kaka zenu siku ya mechi. Mwamuzi akipima, yanatolewa.

Wapo walioona haya kucheza na nyavu za kushonewa Kibirizi. Wahaudenosaunee wa Marekani Kaskazini, ambao mchezo huu ni wa mababu zao, walikunja mti wa hikori na kuusuka kwa kamba za ngozi. Hawakuagiza popote.

Sasa pendekezo la kamati. Lakrosi ya uwanja mkubwa inataka watu 10 kila upande na robo 4 za dakika 15, na sisi watu tunao ila helmeti na glovu hazitoshi. Tuhamie lakrosi ya watu 6: uwanja wa mita 70 kwa 36, robo 4 za dakika 8, sekunde 30 tu za kushambulia kila timu ipatapo mpira, na wachezaji wote isipokuwa kipa hushika magongo mafupi. Ndiyo itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Mabeki watanung'unika, najua. Jirani zetu Uganda walifika mashindano ya dunia Denver mwaka 2014, wa kwanza Afrika. Sisi tuanze na timu inayotimia.

Naomba tupige kura kabla ya chai. Na mwenye gongo la chama nyumbani, alirudishe kwa mtunza vifaa; Kibirizi wanayasubiri.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti