Asante mzee wa siti ya nyuma, popote ulipo

Jamani tulivyotua nimemtafuta huyu mzee kwa macho mpaka basi, sikumwona, acha nimshukuru hapahapa. Ilikuwa kile kijindege cha Embraer 145, abiria 50 tu, siti moja kushoto mbili kulia, na mimi na urefu wangu huu nikajigonga kichwa kabla hata sijakaa. Kibegi changu kikagoma kuingia kabati la juu, mhudumu akakichukua kishushwe chini kwenye mizigo, na ndani kuna dawa zangu za presha! Nikapaniki ile mbaya, ndo mzee akaniambia taratibu, mwanangu mwite, toa dawa kwanza, begi lenyewe utalipokea pale nje ya ndege tukishuka. Na kweli bwana ikawa hivyohivyo.

Sasa huko juu tukaanza kurushwarushwa, nimekaa mkiani karibu na injini, mlio wake ni balaa, nikashika siti ya mbele kama usukani wa lori. Mzee wala hakunicheka (mi ningecheka), akasema ndege ndogo ni nyepesi ndo maana hewa ikichafuka unaisikia zaidi, na mabawa yametengenezwa yapinde kidogo, usiyaangalie sana, akanipa na pipi ya kumung'unya masikio yazibuke.

Mzee wangu shikamoo tena. Nilishuka mbio kufuata begi nikasahau hata kukuaga, nisamehe sana, na ile pipi ilisaidia kweli.