Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Binti yangu amenyimwa dawa ya figo kwa kuwa hana saratani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa. Wiki iliyopita binti yangu alivuja damu ndani ya figo ya kushoto. Madaktari walimuwahi, wakauziba mshipa uliopasuka. Yuko hai. Lakini sehemu ya figo ile imekufa, na ya kulia nayo ina uvimbe.

Ana tuberasi sklerosisi. Jeni ya TSC1 au TSC2 ikiharibika, protini iitwayo mTOR hukosa wa kuizuia, na uvimbe huota kwenye ngozi, ubongo na figo. Ule wa figo huitwa anjiomiolipoma: mafuta, misuli na mishipa ya damu. Si saratani, ni kweli. Ila mishipa yake ni dhaifu, na uvimbe unavyozidi kukua ndivyo hatari ya kupasuka inavyopanda.

Dawa ipo, Mheshimiwa. Everolimusi huizuia hiyo mTOR yenyewe. Katika utafiti wa EXIST-2, uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 42 ya waliopewa dawa walipungukiwa na uvimbe kwa nusu au zaidi; kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, hakuna hata mmoja. Miongozo ya kimataifa inasema uvimbe unaokua na kuzidi sentimita 3 utibiwe kwanza kwa dawa za aina hii, hata kama mgonjwa hasikii maumivu.

Binti yangu alikuwa akiitumia. Ilimletea vidonda mdomoni, akavumilia, na picha zikaonyesha uvimbe unanywea. Kisha mfuko wa bima ukakataa kuendelea kulipa: dawa hii ni ya wagonjwa wa saratani tu. Nikauza nilichoweza kuuza, nikanunua mwenyewe, hadi nikaishiwa. Daktari wake alituonya kwamba dawa ikikatwa uvimbe hurudi kukua. Ukakua.

Nadhani sharti hilo liliandikwa na mtu aliyeiona dawa kwenye orodha ya saratani, asiulize ni nani mwingine anaihitaji. Vidonge hivyo vimo stoo ya hospitali ileile alikolazwa. Wenye saratani wapewe, ni haki yao. Lakini mfuko huohuo umelipia damu aliyoongezewa, chumba cha wagonjwa mahututi na kuzibwa mshipa, bila swali. Figo zikifa zote mbili, utalipia kusafishwa damu kwa miaka. Kwa nini ulipie madhara na ukatae kinga?

Ulisimama mbele yetu wazazi, Mheshimiwa, ukaahidi kwamba hakuna mgonjwa atakayeachwa kwa kuwa wenye ugonjwa wake ni wachache. Tulikupigia makofi. Mimi nilikuwa safu ya mbele, naye binti yangu alikuwa kando yangu.

Siombi hospitali mpya. Siombi kamati, maana kamati itakaa na uvimbe utaendelea kukua. Naomba uondoe sharti la saratani kwa wagonjwa wa tuberasi sklerosisi wenye uvimbe wa figo. Daktari wake akisema ni salama kuanza tena, dawa iwepo. Ondoa sharti hilo sasa, Mheshimiwa, wakati figo ya kulia bado inafanya kazi.

Mama wa mgonjwa