Kwa dada wa steji ya Ahero, asante

Dada, jina lako sikuuliza, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo. Mama alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini mchana ule kwa ugonjwa wa moyo, nasi tulikuwa Kisumu tukingoja matatu ya Ahero. Ulisema wewe ni muuguzi, umetoka zamu, ukaomba kuona mfuko wa dawa.

Ulizitandaza juu ya leso ya mama, moja moja. Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, aliyokuwa akimeza tangu zamani, na furosemide tuliyopewa siku hiyo: dawa ile ile, majina mawili. Angemeza zote, kwani hakuna aliyetueleza. (Wodi ilikuwa imejaa, barua ya kuruhusiwa tulipewa mlangoni.) Ukatupigisha simu wodini palepale, wakathibitisha ameze moja tu kati ya hizo mbili. Kisha ukachora jua na mwezi kwenye kila pakiti, maana mama hajui kusoma.

Ukatuambia tununue mizani. Apimwe kila asubuhi kabla ya chai; akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, tusingoje tarehe ya kliniki, kwa sababu hayo ni maji yanayojikusanya.

Siku ya tisa mizani ilitoka kilo 61 ikafika 63 na nusu. Tulimrudisha asubuhi hiyo hiyo, kabla hajaanza kuhema.

Leo anapalilia sukuma wiki zake. Pakiti yenye jua lako amekataa itupwe. Ukisoma haya, mama anakuuliza: umeolewa wapi, aje akusalimu?