Kwa Dada Furaha, kuhusu uvimbe wa Amani

Bukavu, Kadutu
Jumapili jioni

Dada yangu Furaha,

Barua yako niliipata jana kwa mkono wa yule mama aliyeshuka kwenye boti ya kutoka Goma. Unasema uvimbe wa mdogo wako Amani, ule wa pajani, haumuumi, ndiyo maana mmetulia. Dada, msitulie. Sarkoma, yaani kansa ya misuli, mafuta na nyama nyingine laini, mara nyingi haiumi mpaka imekuwa kubwa.

Upimeni kwa futi ya fundi cherehani. Ukipita sentimita 5, karibu urefu wa yai la kuku, ni wa kuhofiwa zaidi. Vilevile kama umezama chini ya utando unaofunika misuli: akikaza paja, nao ukagoma kusogea, huenda umezama.

Unamkumbuka shemeji yangu. Alitolewa uvimbe kama huo kwenye zahanati moja, haraka haraka, nyama ikatupwa kwenye ndoo. Ulipoota tena, hakuna aliyejua ulikuwa wa aina gani. Ile ndoo siisahau.

Basi Amani asikatwe kabla hajachukuliwa kipande kwa sindano nene. Kipande kitiwe kwenye formalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, mara moja, si kwenye maji. Hapa labo tunakikata vyembamba mno na kukitia rangi, kisha daktari anakaa na hadubini. Anatazama seli zinafanana kiasi gani na nyama ya kawaida, na kama kuna sehemu zilizokwisha kufa. Halafu anahesabu seli zinazogawanyika katika sehemu 10 anazozitazama kwa hadubini. Zikifika 20, zinapata alama ya juu kabisa. Nimekaa karibu naye akihesabu, chumba kizima kimya. Alama zote zikijumlishwa zinatoa daraja la ukali wa kansa, 1 mpaka 3, kwa utaratibu uliotungwa na Wafaransa. Wenye daraja 1 wengi hupona kwa kukatwa vizuri tu. Daraja 3 ndilo linalopenda kukimbilia mapafuni, kwa hiyo apigwe pia picha ya kifua.

Siku ya kumpasua, nyama yote ije labo. Tunaipaka wino pande zote. Seli za kansa zikikutwa zimegusa wino, huenda nyingine zimebaki mwilini.

Mpakie kwenye boti wiki hii. Nitamngoja bandarini. Aje na picha zake zote, hata za zamani. Kitanda kipo, watoto watalala pamoja.

Ni mimi,
Mapendo