Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mvua, Upepo na Kindege Chetu

Wazee wetu waasisi, wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama wa chama chetu cha kupima hali ya hewa: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tangu tulipoonana mara ya mwisho wametutoka wawili: mzee wetu wa Kibosho, aliyesoma kipima mvua chake kila asubuhi kwa miaka 22, na mama yetu wa Himo. Naomba tusimame dakika moja.

Ahsanteni. Tukae.

Kazi za kawaida sitazirefusha, mnazijua. Vipima mvua 17 kati ya 24 vimesomwa mwaka mzima bila kuruka mwezi, kuanzia Machame hadi Marangu kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, na kushuka hadi Kahe tambarare. Vitatu vimeibwa au kuvunjwa, na vinne wasomaji wake wamehama bila kukabidhi. Madaftari ya masika na ya vuli yamekusanywa. Semina ya walimu ilifanyika Juni. Sare za chama bado.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, maana kwa miezi minane limesemwa kila mahali isipokuwa kwenye kikao.

Kamati yangu ilinunua ndege ndogo isiyo na rubani, inayojirusha yenyewe kwa njia tuliyoipangia kwenye kompyuta. Imesemwa kwamba mwenyekiti amenunua kichezeo. Imesemwa pia kwamba naipeleka kwenye harusi nikapige picha nilipwe. Ndugu zangu, kindege kile hakina kamera. Kina kipima joto, kipima unyevu, kipima mgandamizo wa hewa na mrija mdogo puani unaopima kasi ya hewa inayokipiga. Aliyeona picha ya harusi iliyopigwa na kindege chetu ailete hapa mbele leo.

Kwa nini kindege na si vipima mvua vingine 30, kama baadhi yenu walivyotaka? Kila aliyekulia kwenye mteremko huu anajua kwamba usiku na alfajiri hewa baridi hushuka kutoka mlimani, na mchana upepo hugeuka ukapanda kutoka tambarare. Ila inashuka ikiwa nene kiasi gani? Inageuka saa ngapi Uru, na saa ngapi Himo? Mwaka juzi upepo ulilaza migomba Uru na Kibosho usiku mmoja, na madaftari yetu yote yaliandika kitu kimoja tu: mvua milimita sifuri. Nilisikia aibu. Chama cha kupima hali ya hewa, na jambo lililowaumiza watu wetu halina hata mstari mmoja.

Wapo waliosema tusimike kipima upepo kwenye nguzo. Kwa kanuni kipima upepo hukaa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Uru pa wazi ni wapi? Kati ya migomba, mikahawa na miti mirefu ya miringaringa utapima upepo uliokwisha kuzuiwa. Puto la hali ya hewa nalo lina kazi kubwa, na vituo duniani huyarusha kwa pamoja saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, lakini likishaachiwa hupanda hadi likapasuka, na chombo chake mara nyingi hakionekani tena. Kwa mfuko wetu tungerusha mangapi? Kindege kinarudi nyumbani, unabadilisha betri, kinaruka tena.

Jinsi kinavyopima upepo nimeeleza mara nyingi, nitaeleza tena. Mtu anayevuka mto kwa mtumbwi akielekeza pua ng'ambo moja kwa moja atajikuta ametua chini zaidi, na umbali aliosukumwa ndiyo nguvu ya maji. Kindege kinajua kwa ule mrija kinakwenda kasi gani ndani ya hewa, na kinajua kwa satelaiti kimefika wapi juu ya ardhi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo upepo. Ndiyo maana mnakiona kinazunguka duara huku kinapanda, na si kwamba kimepotea njia kama mlivyoambiana.

Na hili si jambo la kubahatisha. Tarehe 21 Agosti 1998 ndege ya aina hii, iliyobuniwa mahsusi kupima hali ya hewa na yenye uzito wa kilo 13 hivi, ilitua Scotland baada ya kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Newfoundland, Kanada. Ilitumia takriban saa 27 na chini ya lita saba za mafuta. Mwaka 2005 nyingine ya aina hiyohiyo ilirushwa ndani ya dhoruba Ophelia, karibu na pwani ya Marekani, mahali ambapo hakuna rubani angependa kupita chini kiasi kile. Chetu ni kidogo zaidi na kinatumia betri, lakini ni ukoo mmoja.

Kuhusu utaratibu. Inadaiwa kamati ilijiamulia. Mkutano wa dharura uliitishwa Februari, wakaja wanachama 19. Ukaitishwa tena Aprili, wakaja 23. Akidi yetu ni 43. Katiba inasema mikutano miwili ikikosa akidi, kamati inaweza kuamua kwa theluthi mbili ya wajumbe. Tulikuwa wajumbe watano kati ya saba, wote tukakubali. Muhtasari upo, mezani kwa katibu, na mpaka jana jioni hakuna mwanachama hata mmoja aliyeomba kuusoma. Muuzaji alishikilia bei yake hadi mwisho wa Aprili tu. Ningengoja mkutano wa tatu, ningekuja leo kuwaeleza kwa nini hatukununua.

Fedha: mfuko wa akiba ulikuwa na shilingi 5,600,000. Kindege, vipimo vyake, betri nne, usafirishaji na ushuru ni shilingi 4,850,000. Matengenezo ni shilingi 185,000. Zimebaki 565,000. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya upande wa ulinzi nilivifuatilia mwenyewe, na nilikwenda Dar es Salaam mara mbili kwa nauli yangu na kulala kwa gharama yangu. Sikudai posho na sitaidai. Utaratibu una hatua zake, nami siulaumu, kwani anga letu lina uwanja wa ndege wa Moshi na ule wa kimataifa wa Kilimanjaro, KIA. Hatukurusha hata mara moja kabla ya kibali, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hatuingii.

Hayo matengenezo ni ya Septemba. Ndiyo, kindege kilianguka. Alfajiri ile kilikuwa kinarudi dhidi ya upepo wa mlimani, betri ikaisha nguvu, kikanasa juu ya mringaringa kwenye shamba la jirani na bawa likavunjika. Kijana mmoja alikipandia akakishusha, na tulimshukuru. Kosa la kupanga njia lilikuwa langu, nalikubali mbele yenu. Lakini vipimo vilikuwa salama hadi sekunde ya mwisho, na vilionyesha upepo wa juu ukiwa karibu mara mbili ya ule tuliousikia usoni tukiwa tumesimama chini. Ndicho kitu tulichokitafuta. Tangu siku hiyo hatukirushi bila kwanza kukizungusha hewani dakika tano kikiwa bado chini, tusome upepo, ndipo kiende mbali.

Kosa jingine hakuna aliyelijua, ila nalisema. Mwanzoni kipima joto kilikaa ndani, karibu na betri, kikawa kinasoma joto kuliko hali halisi. Nilikaa nacho usiku tatu nikilinganisha na kipimajoto cha ukutani, mpaka nikakihamishia kwenye bawa ndani ya kijibomba cheupe cha kukikinga na jua. Tangu hapo ndipo tulipoanza kuona wazi kwamba asubuhi nyingi za Julai na Agosti hewa ya juu ya migomba ina joto kuliko ile iliyolala mashambani. Mzee mmoja wa Uru aliniambia babu yake alijua hilo kwa moshi wa jikoni, ulivyokuwa ukipanda kidogo kisha ukalala ubapa. Sisi sasa tuna namba zake.

Kinachoniumiza ni hiki. Tulipanga siku 60 za kurusha, zikatimia 37. Betri zilikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Kurusha kunahitaji wawili, mmoja macho angani, mmoja kwenye kompyuta. Waliojiandikisha zamu ni 12, waliokuja ni wanne, na mmoja wa hao wanne ni mimi. Nimesimama shambani saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Julai, napiga simu haipokelewi, kisha saa mbili asubuhi nakuta mtu huyohuyo kwenye kundi la WhatsApp anauliza chama kinafanya nini.

Na ada. Tuko wanachama 86, ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka, ambayo haifiki shilingi 100 kwa siku. Waliomaliza ni 31, shilingi 930,000. Waliolipa nusunusu ni 14, jumla 160,000. Ambao hawajatoa hata senti ni 41. Tunadai 1,490,000. Nasema kwa uchungu kwamba kati ya waliosaini barua ya kulalamikia ununuzi wa kindege, mweka hazina amewakuta saba hawajalipa ada. Fedha iliyonunua kile chombo ilikusanywa miaka sita na wengine.

Mwaka ujao tunatumaini kupata betri nyingine, kufundisha vijana wachache kurusha, na Mungu akijalia kuweka namba zetu pamoja na za vipima mvua zisomeke na wakulima wenyewe. Nimezungumza na watu wawili watatu kuhusu ufadhili, wameonyesha nia. Mazungumzo na Mamlaka ya Hali ya Hewa tutayaanza vipimo vikishafika kiasi cha kutosha. Suala la sare litaangaliwa.

Daftari la mahudhurio liko mlangoni, na mweka hazina amekuja na kitabu cha risiti. Kindege kiko pale kwenye meza ya nyuma, bawa lililotengenezwa ni la kushoto. Mwenye swali aje akishike kwanza, kisha aulize.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Moshi