Barua kwa duka lililobaki na ufunguo wa diski yangu

Ngara, Nairobi
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta,
Katikati ya Jiji, Nairobi.

Kwako Meneja,

KUH: FUNGUO ZA DISKI ZA WATEJA KUWEKWA KWENYE AKAUNTI YA DUKA

Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kwenu laptopu mpya yenye Windows 11. Nilipomaliza kulipa kwa M-Pesa, kijana wenu wa kaunta aliniambia nisijisumbue, ataniandalia mwenyewe. Baada ya nusu saa alinikabidhi ikiwa inawaka, jina langu likisomeka kwenye skrini. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikujua kwamba aliiwasha kwa akaunti ya Microsoft ya duka, kisha akaniongezea mimi akaunti ndogo juu yake.

Jumanne iliyopita laptopu ilisasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) usiku, na asubuhi nikakuta skrini ya buluu. BitLocker, kufuli la diski lililomo ndani ya Windows, ilidai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo sikuwahi kupewa wala kuambiwa kwamba upo. Nilikuwa na watu wa kuwaona saa tatu, nikaahirisha, nikaja kwenu mbio.

Fundi wenu aliingia kwenye akaunti ya duka pale pale kaunta, akanigeuzia skrini ili nimsomee herufi na tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo kwenye laptopu yangu, azilinganishe na zake. Hapo ndipo nilipoona orodha ya kompyuta nyingi, si yangu tu. Moja ilikuwa na jina la mtu, nyingine neno "wakili", nyingine jina la zahanati. Pembeni ya kila moja ulikuwepo ufunguo wake mzima, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Nyuma yangu mteja mwingine alikuwa akisubiri chaja, naye anatazama. Simu moja ingetosha kupiga picha ukurasa wote.

Kisha nikatozwa shilingi 1,500 za "kufunguliwa".

Mimi ni mshauri nasaha. Kwenye diski ile kuna maelezo ya watu walionieleza mambo ambayo hawajamwambia hata mama mzazi. Wamo kina mama ambao waume zao wakiyasoma, watalala nje usiku huo huo. Ndiyo maana sipingi hata kidogo usimbaji wa diski, yaani kuvuruga yaliyomo ili yasisomeke bila ufunguo. Nimewahi kunyang'anywa begi nikiwa kwenye matatu, na laptopu ya wakati huo ilikuwa na nenosiri peke yake. Nenosiri la kuingilia halimzuii mwizi: anafungua skrubu, anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kitu. Diski iliyosimbwa haimpi chochote asipokuwa na ufunguo. Windows 11 za karibuni huwasha usimbaji huu zenyewe mtu anapoanza kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Kwa hiyo akaunti ikiwa ya duka, ufunguo ni wa duka. Akaunti yenu pia ndiyo iliyobaki na mamlaka ya msimamizi ndani ya mashine yangu. Laptopu ikiletwa kwenu kwa ukarabati, au ikiibwa na mtu anayemjua mtu dukani kwenu, ulinzi wangu wote umekwisha.

Hata kuiachia Microsoft ufunguo ni uamuzi mzito, kwa kuwa kampuni inayoushika inaweza kuamriwa na mahakama kuutoa. Lakini uamuzi huo ulikuwa wangu. Mngeniuliza.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinanilinda nisifichuliwe mambo yangu ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu azilinde, na pakiwa na uvujaji unaoweza kuwadhuru amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Orodha ya funguo kuoneshwa wateja kwenye kaunta mimi nauhesabu kuwa uvujaji, na tangu Jumanne saa hizo zimeshapita.

Yangu nimeshaitengeneza. Jumamosi nilikaa na mpwa wangu, tukazima usimbaji, tukasubiri diski yote ifunguke, tukaiondoa akaunti yenu na kuwasha upya kwa akaunti yangu. Ufunguo mpya nimeuandika kwa mkono, uko kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Kuufuta ule wa zamani kwenye orodha yenu kusingetosha, kwa sababu aliyekwisha kuunakili bado angeweza kuutumia.

Naomba mnirudishie shilingi 1,500, ila hilo ni dogo. Nataka kila mteja aliyemo kwenye orodha ile apigiwe simu, aelezwe kilichotokea, na abadilishiwe ufunguo bure mbele ya macho yake, ndipo akaunti ile ifungwe. Na kuanzia leo asiondoke mtu na laptopu iliyoandaliwa kwa akaunti isiyo yake.

Nawapa hadi Ijumaa, tarehe 25 Julai. Nisipopata jibu la maandishi, nitapeleka lalamiko hili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Yule wa zahanati na yule wakili hawajui kwamba niliziona funguo zao, na mimi sina namba zao. Ninyi mnazo.

Wenu,
Mteja wa mwezi Machi
(nakala ya risiti imeambatishwa)