Pilau ya Kidole

Kigamboni,
Dar es Salaam.
Jumatano usiku

Shoga yangu Mama Ilham,

Assalaam alaykum. Natumai baridi ya Lushoto haijakugandisha vidole, maana barua yangu iliyopita mpaka leo hujaijibu. Sisi hatujambo, ila joto linatukaanga. Bibi yake Nasri goti bado linamsumbua, baba yake yuko safarini, na mimi ndiyo hivi.

Juzi Jumatatu nilipika pilau. Pilau ya nyama, na kachumbari, na soda nusu kreti. Jirani yetu wa uani, yule umjuaye, harufu ilimfikia kabla sijaepua. Akaja na kanga begani: "Kuna hitima au kuna mchumba?" Nikamwambia, "Hapana dada, Nasri amenyoosha kidole." Akanitazama, akalitazama sufuria, akavuta kigoda akakaa kungoja sahani. Hakuuliza tena. Nitakueleza wewe, kwa sababu wewe ulikuwepo enzi zile, kabla hatujaambiwa kwamba mwanangu ana usonji, hiyo autism, tunamwita jina lake mara kumi hageuki, tukaenda kumpima masikio, masikio yakaonekana mazima.

Ilikuwa Jumapili. Tumetoka Kariakoo kumnunulia viatu, tumesimama Magogoni tunangoja kuvuka. Unamjua Nasri na pantoni, anaweza kuitazama asubuhi mpaka Adhuhuri asikumbuke chai. Jua kali, watu wa samaki wanapita na ndoo wanatupigia kelele tuwapishe, mimi nimemshika mkono. Pantoni ikang'oa upande wa pili, ikaanza kugeuka. Nasri akanyoosha kidole. Nikadhani kuna kitu anataka. Nikamtafuta muuza karanga, nikamtafuta wa maji, hakuna. Kidole kimeelekea pantoni. Halafu, Mama Ilham, akageuza uso akanitazama mimi. Machoni. Akaitazama pantoni, akanirudia mimi tena. Hakuomba kitu. Alitaka na mimi niione.

Nikasema, "Naam baba, pantoni inakuja," kisha nikajifanya natafuta leso kwenye pochi.

Usinicheke. Mtoto ametimiza miaka sita mwezi wa pili. Ilham wako alikuwa anakuonyesha kunguru na mbuzi hata kutembea hajajua, na wala hukumpikia pilau, kwa sababu kwa watoto wengi jambo hilo linakuja lenyewe karibu na kutimiza mwaka. Nasri akitaka maji alikuwa ananishika kiwiko, anaupeleka mkono wangu kwenye jagi, usoni hanitazami. Mkono wangu ulikuwa kama upawa, anautumia kisha anauacha. Baadaye akajifunza kuonyesha kitu anachokitaka, tukashukuru. Yule mtaalamu wa matamshi tunayemwendea alituambia mapema kwamba kuonyesha ni kwa namna mbili, kuna "nipe" na kuna "tazama", na kwa mtoto mwenye usonji ile ya pili mara nyingi ndiyo inayochelewa zaidi. Miaka miwili naingoja hiyo "tazama". Imekuja nikiwa nimeshika mfuko wa viatu na nyanya za kilo moja.

Pantoni ilipofika ikapiga honi, akaziba masikio, akajitupa chini, tukaikosa hiyo na iliyofuata. Nakwambia na hilo ili usidhani nimekuandikia hadithi.

Sasa sikiliza ya shikamoo. Unakumbuka ilivyokuwa inanitesa. Mtoto wa Kiswahili asiyeamkia wakubwa, maneno yote yanamrudia mama: kamdekeza, hakumfunza. Nami nilikuwa namwambia "Sema shikamoo," naye anasema, "Sema shikamoo." Neno kwa neno, na sauti yangu ile ile, mpaka watu wanadhani ananiiga kwa makusudi. Siku hizi tumepanda daraja. Akimwona Bi mkubwa wa maandazi anasema kwa mkupuo mmoja, "Shikamoomarahaba," na huyo anapita zake. Salamu na jibu lake, yote yeye! Mara ya kwanza Bi mkubwa aliduwaa, kisha akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Huyu kanipunguzia kazi," akasema. Tangu hapo kila asubuhi anamngojea, na andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta ni la Nasri. Mwanzoni niliwaza kumsahihisha. Sasa naona mwenye salamu karidhika, aliyeamkia karidhika, mimi nasahihisha nini?

Na nimegundua kitu kuhusu hayo maneno yake ya kuazima, ambayo watu wanayaita ya kasuku. Si ya kasuku. Unajua kwenye daladala konda anauliza "Msikitini wapo?" na abiria wanajibu "Shusha!" Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi, ngoma imepamba moto, Nasri akaanza: "Shusha. Shusha. Shusha." Wifi yangu akasema mtoto kachanganyikiwa. Mimi nikamwelewa: nitoeni humu. Nikamchukua tukakaa barazani, akatulia kama maji ya mtungi. Kabla ya "shusha" tungeishia kwenye kupiga mayowe na kujing'ata mkono. Sasa nyumbani kwetu "shusha" ni neno rasmi. Hata bibi yake akichoshwa na wageni ananinong'oneza, "Mwanangu, shusha."

Lingine ni dogo mno, hata sijui kama nitaweza kulieleza likaeleweka. Miaka yote akiwa na kiu anasema "Unataka maji," kwa sababu ndivyo anavyosikia tunamwuliza. Alhamisi ya juzi juzi, nafua, nikasikia nyuma yangu, "Nataka maji." Nikageuka povu mikononi. Nikadhani nimesikia vibaya, lakini akarudia. Akanywa, akasema tena "Unataka maji," na mpaka leo anachanganya. Lakini hiyo "na" nimeiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo nimeanza baada ya ile siku ya 2 Aprili, siku ya usonji duniani, waliponiomba kikundini niseme maendeleo ya mwanangu nikakosa la kusema. Nikajiona mjinga. Yalikuwepo, ila nilikuwa nimezoea kuhesabu ambayo hajaweza.

Maana watu nao walinifundisha kuhesabu hivyo. Unakumbuka yule aliyeniambia, tena amevaa koti jeupe, kwamba mtoto haongei kwa kuwa mimi si mchangamfu? Nililia njia nzima. Juzi nikasoma kwamba huko Marekani miaka ya 1950 na 1960 walikuwa na wataalamu kabisa wenye kushikilia kwamba usonji unaletwa na ubaridi wa mama, mama kama friji, na kwamba nadharia hiyo ilishatupwa zamani. Mimi friji, na joto hili la Dar! Nilicheka peke yangu jikoni.

Kuhusu zile kadi za picha ulizouliza, anazotuonyesha akitaka kitu, bado tunazitumia. Wapo waliosema zitamfanya asiongee, lakini mtaalamu alisema hazizuii maneno, nami sijaona zikizuia. Picha ya jagi imechakaa, imepata mafuta na alama za meno.

Sasa mkija Idd, nina maombi. Mwambie Baba Ilham asimnyanyue juu kama anavyowafanyia watoto wote. Wewe ukimwuliza kitu, nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, usirudie swali. Jibu linakuja, linatoka mbali tu. Asipokutazama usoni usione umechukiwa, mtazame miguu, akikufurahia anasimama kwa vidole. Na Ilham akija na vile vifuniko vyake vya soda atakuwa kaleta dhahabu. Mara ile walikaa sakafuni kila mtu anapanga vyake, hawasemezani, mimi nikasikitika. Safari hii nitawaacha.

Nilikuwa na mengi ya kukuuliza kuhusu mama yako na lile shamba, lakini kuna mtu amesimama mlangoni na mto wake kwapani, ameitazama taa, amenitazama mimi, ameitazama tena taa. Sasa anasema, "Shusha."

Wasalaam,
Mama Nasri